Sindano Iliyopotea Mkwe Alipokohoa

Watu wa kijiji chetu, Ihanda, walimcheka sana mama yangu kwa sababu alimfunga mtoto kamba. Haikuwa kamba ya katani, ilikuwa utepe mpana wa kitambaa alioushona mara mbili, ncha moja ikizunguka kiuno cha kaka yangu Fanueli na ncha ya pili ikifungwa kwenye nguzo ya baraza. Urefu wake aliupima mwenyewe: mtoto afike kivulini, afike juani, asifike kwenye moto wala kwenye cherehani. Wapita njia walisimama wakamtania. "Mama Leah, mbuzi huyo anauzwa?" Naye, bila kuinua macho, aliwajibu kwamba anauzwa pamoja na kelele zake, atakayemtaka aje na kamba yake mwenyewe.

Jina lake Tabita. Wakati wa haya ninayosimulia mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini nimeyasikia kwake, kwa bibi na kwa jirani yetu Ketrina mara nyingi mno, hata ikafika wakati wakikosea mimi ndiye niliyewasahihisha. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala. Sisi ni Wandali. Babu yangu Andongwisye alihama milima ya Undali akaja Mbozi kwa Wanyiha kutafuta ardhi ya kahawa, akapewa sehemu ya bondeni. Baba yangu Jairo alijenga juu zaidi, karibu na barabara kuu iendayo Tunduma. Kujenga alijenga, kukaa hakukaa. Alivuka mpaka akaenda kwenye migodi ya shaba huko Kitwe. Likizo ya kwanza alirudi na cherehani ya mkono, akamwachia mama cherehani na mimba ya Fanueli, akaondoka tena. Tangu hapo ilikuwa inakwenda miaka miwili.

Mama alikuwa amefundishwa kushona na akina mama wa misheni tangu alipokuwa msichana. Cherehani ilipofika, wanawake wa huku na huku wakaanza kumletea vitambaa, naye akaona ni heri kazi inayomfuata nyumbani kuliko shamba linalomtaka awaburute watoto wawili kwenye umande. Heri ni neno lake, si langu. Mimi nimeshona nikiwa na watoto wadogo, nami nasema ile si kushona, ni kuvizia. Unashona mtoto akilala. Akiamka unazungusha gurudumu kwa mkono mmoja na kumpangusa kamasi kwa mwingine. Leah, dada yangu, alikuwa na miaka minne na maswali mia, na kila swali alitaka kujibiwa akitazamwa usoni. Pindo lililoanza asubuhi lilimalizika jioni, tena limepinda.

Lakini kelele hazikumtisha. Kilichomtisha ni sindano. Alipokuwa misheni, msichana mwenzake alikalia sindano ikavunjika ndani ya paja, na mama alishika miguu ya yule msichana walipokuwa wakiitafuta kwa kisu. Toka siku ile sindano ya mkono kwake haikulala mkekani hata mara moja. Ilikuwa ama vidoleni mwake ama imechomekwa kwenye kilemba, mbele, juu ya paji la uso, mahali ambapo mkono wake uliweza kuipapasa kila dakika. Leah alipoanza tu kutembea, mama alikuwa akishtuka usingizini na kupapasa kilemba kilichotundikwa ukutani.

Sasa niseme habari ya kikohozi, maana bila hicho hakuna kisa.

Kwetu Wandali, mke wa mtoto hamtazami baba wa mumewe. Haongei naye, halitaji jina lake, hapiti njia aliyosimama. Akimsikia anakuja, anakimbia na kujificha, hata kama ana chungu cha moto mkononi. Mkwe naye kwa heshima hukohoa kutoka mbali ili mwanamke apate nafasi ya kukimbia. Walisema kwamba wakionana uso kwa uso, tumbo la mwanamke hufunga asizae tena, na waliozaliwa tayari huanza kudhoofika. Mimi nilizaliwa baada ya mambo haya yote, kwa hiyo anayetaka kubishana nami juu ya matumbo yanayofunga, karibu. Mwinjilisti wetu alihubiri kwamba hayo ni mambo ya kale, wote ni ndugu katika Kristo. Mkewe alimsikiliza na kuitikia amina, na mkwe wake akikohoa nje ya kanisa aliruka dirishani akakimbia.

Mama alikuwa ameolewa miaka sita. Kwa miaka hiyo sita alijua kikohozi cha babu, alijua koti lake kwa mbali na nyayo zake kwenye vumbi. Uso wake hakuujua.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, kesho yake Pentekoste, na wasichana wa kipaimara walikuwa wanangoja magauni meupe. Yote yalikuwa tayari isipokuwa moja lililobaki matundu ya vifungo, kazi ya sindano ya mkono. Baridi ya Mbozi wakati huo unaijua: ukungu hauondoki mpaka jua lipande sana. Bibi Ferista, mama yake baba, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Mlowo kununua chumvi na sabuni, akamchukua Leah ili mama apumue. Fanueli alikuwa kwenye utepe wake, amevaa gauni refu la flana lililomfunika mpaka vidole vya miguu. Mama ameketi mkekani na gauni jeupe mapajani. Kwa mara ya kwanza wiki ile nzima alikuwa anafanya kazi na moyo wake umetulia.

Babu akakohoa.

Alikohoa karibu mno. Baadaye ilijulikana kwamba ukungu ulimdanganya, alidhani bado yuko mbali. Mama hakuwa na muda wa kuinua mkono mpaka kwenye kilemba. Aliichomeka sindano palepale kwenye gauni, akalitupa gauni juu ya kiti mbali na mtoto, akajifunika kanga kichwani, akakimbilia jikoni nyuma ya nyumba. Aliporudisha mlango ndipo akakumbuka kwamba mkono wa gauni ulikuwa unaning'inia mahali ambapo mtoto angeufikia.

Babu alikuja kumwona mjukuu. Bibi hayupo, nyumba yake kimya, mzee wa watu alitaka sauti ya mtoto. Mama alimsikia akiketi barazani na kuguna. Alimsikia akimwita Fanueli "bwana mkubwa" na Fanueli akicheka. Basi akajiambia kwamba mtu mzima yuko pale, mtoto hawezi kushika kitu. Alijiambia hivyo mara nyingi, akiwa amesimama gizani katikati ya moshi, sikio ukutani.

Halafu Fanueli akapiga ukelele, ukelele mwembamba wa maumivu, si wa njaa wala wa hasira. Mama anayejua vilio vya mtoto wake hakosei hapo. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari umevuka kizingiti. Lakini babu alikuwa hatua chache tu nyuma ya ukuta, na mama akabaki vilevile, mguu mmoja nje mmoja ndani. Mimi kila nikifika hapa hasira hunipanda. Simkasirikii babu, wala simkasirikii mama. Nakasirikia ule mguu mmoja uliobaki ndani.

Kilio kikakatika. Babu akasema maneno ya kubembeleza ambayo mama hakuyashika. Baada ya kitambo akakohoa tena, na nyayo zikateremka kuelekea bondeni.

Mama alitoka mbio. Fanueli amekaa mkekani, machozi hayajakauka, udenda unamtiririka, anatafuna hewa. Kwenye mdomo wa chini kulikuwa na damu. Gauni jeupe limeshuka kutoka kwenye kiti, mkono wake umo mikononi mwa mtoto, na tundu la mwisho la kifungo halina kitu. Uzi ulikuwa mkekani, mzima, na fundo lake la mwisho. Sindano haikuwepo.

Alimfungua mtoto, akamtia kidole mdomoni, akapapasa ufizi, chini ya ulimi, mpaka kooni, mtoto akatapika maziwa kidogo. Hakuona mchubuko wowote wala sindano. Akakung'uta gauni. Akakung'uta mkeka. Akapiga magoti akapapasa udongo wa baraza kwa viganja, akiomba imchome. Hilo ameniambia mwenyewe: katika maisha yake hakuwahi kutamani kuchomwa na kitu kama alivyotamani siku ile. Haikumchoma.

"Ketrina! Ketrina weee!"

Ketrina alikuwa jirani Mnyiha, mtu mzima, miguu yake imevimba, akitoka kwake mpaka kwetu anapumzika njiani. Alifika akiwa anahema. Mama akamweleza kwa maneno yasiyo na mpangilio: sindano, damu, mkwe, mtoto alilia.

"Kiazi," Ketrina akasema. "Mpe kiazi kitamu cha jana, kilicholala. Kinaizunguka sindano kinaivisha koti, inashuka bila kukwaruza."

Wakampa kiazi. Fanueli alimeza tonge la kwanza, la pili likamkwama, akakohoa mpaka akawa mwekundu, kisha akashika tumbo kwa mikono yote miwili. Labda alilishika tu. Watoto hushika matumbo yao. Lakini mama aliona alichokiona.

"Nimpeleke hospitali ya misheni," akasema.

"Kwa miguu? Utafika jua linazama. Umemtikisa njia nzima, na sindano ndani." Ketrina akamtazama. "Na ukifika watakuuliza, nani alimwona akimeza? Utasema nini? Mama Leah, mtu aliyekuwepo hapa ni mmoja. Kamwulize."

"Siwezi."

"Ningekwenda mimi, lakini mpaka nifike bondeni na miguu hii, mtoto amekwisha kuoa."

"Dada Ketrina, siwezi! Wewe si wa kwetu, hujui. Nikimwona uso ni huyu huyu mtoto atakayedhurika."

"Basi chagua linaloanza kumdhuru," Ketrina akasema. Hakuwa mkali. Alikuwa anamfuta Fanueli udenda kwa ncha ya kanga yake.

Mama alimtwaa mtoto. Kumbeba mgongoni aliogopa, mbeleko ingelibana tumbo. Alimbeba mbele, wima, mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba karai la maji lililojaa hadi ukingoni. Aliteremka hivyo kwenye kijia cha bondeni, kila jiwe analipima kwanza kwa kidole cha mguu. Mtoto alitulia, na utulivu ule ukamtisha kuliko kilio. Kila hatua alimsemesha. Fanueli. Fanueli baba. Akiitika "mm," anaendelea. Asipoitika, anasimama na kumpuliza usoni.

Kulikuwa na mstari wa migomba uliotenganisha shamba la babu na njia. Hapo ndipo alipokuwa akiishia siku zote, hapo ndipo alipomwachia bibi vitu kwenye kikapu na kurudi. Aliposimama pale alipaswa kupaza sauti ili babu ajue na kujificha. Hakupaza. Akavuka.

Babu alikuwa kwenye mibuni, anachuma, kikapu kiunoni, kofia yake ya zamani kichwani. Alisikia majani yakivunjika akageuka, akidhani ni bibi amerudi.

Wakaonana.

Kikapu kilimwanguka, kahawa mbivu ikamwagika yote. Mzee aligeuka upesi akampa mgongo, akainua koti lake mpaka masikioni, akawa anatafuta pa kukimbilia katikati ya miti iliyosongamana. Mama naye alipiga magoti, kichwa chini, mtoto kifuani.

"Baba," akasema. Neno hilo hakuwa amewahi kulitamka kwake. "Baba, nisamehe. Mtoto amemeza sindano. Ulimwona akimeza? Niambie tu kama ulimwona."

Babu akasema, akiuelekea mbuni uliokuwa mbele yake:

"Fanueli. Fanueli mjukuu wangu. Mwambie mama yako hujameza kitu."

Akavua kofia. Kofia ilimponyoka, akaiokota. Kwenye utepe wa kofia, imechomekwa vizuri kwa pembeni, ilikuwa sindano.

"Mwambie ulikuwa na funza kwenye kidole kikubwa cha mguu. Mwambie alikuwa ameanza kutaga. Nilimtoa, ukalia, ukajishika mguu ukajipaka damu mdomoni. Nilitaka kuirudisha sindano. Uzee. Nikaiweka hapa isikuchome, nikaondoka nayo."

Aliweka kofia chini, akasogea mbele bila kugeuka, ili mama aichukue. Kukabidhiana mkono kwa mkono kusingewezekana hata siku hiyo.

Mama alilifunua lile gauni la flana. Kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kilikuwa na shimo dogo safi, limekwisha kukauka. Alikuwa amekagua kinywa, koo, tumbo, mkeka na udongo. Mguu wa mtoto hakuutazama. Alichukua sindano kutoka kwenye kofia, akaikumbatia pamoja na mtoto, akalia kwa sauti, analia anacheka, na furaha ilipokwisha kumpitia, hasira ikafuata nyuma yake.

"Fanueli," akasema, kwa kuwa sasa alikumbuka adabu, "mwambie babu yako amenitoa roho. Mwambie sindano ya mtu inaombwa!"

Fanueli, ambaye alikuwa hajui kusema zaidi ya "mm" na "mama", aliokota tunda la kahawa akaanza kulinyonya.

Babu alipojibu, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mwambie ni kweli, inaombwa. Lakini mimi nimwombe nani? Miaka sita sasa, mama yako namkohoa tu."

Mama aliinuka akarudi kinyumenyume mpaka kwenye migomba.

Bibi Ferista alirudi alasiri, Leah mkononi na mzigo kichwani. Alikuwa amepitia kwake kwanza, na babu alikuwa amekwisha kumwambia kwamba amekutana na mke wa Jairo shambani. Zaidi ya hapo hakusema, akaingia ndani kulala. Basi bibi alipanda huku juu uso umekunjwa. Bibi yangu hakuwa mtu wa mchezo katika mambo haya. Yeye mwenyewe alimkimbia mkwe wake mpaka mkwe alipofariki, na siku ya mazishi alijificha.

Mama alikuwa barazani na gauni jeupe, hajashona kitu. Fanueli amelala mapajani pake, naye hakuthubutu kumlaza. Ketrina alikuwa bado yupo, amenyoosha miguu yake mkekani.

Bibi hakutua mzigo. Alisimama mbele yao.

"Nataka kujua jambo moja," akasema. "Ulimwona uso, au ulimwona mgongo?"

Hapo ndipo palipokuwa na uzito wote. Mgongo ulikuwa ajali, ulikwisha kwa kuomba radhi. Uso ulikuwa wa kupelekwa kwa wazee, watu waje kutoka Undali, kuku achinjwe, mama arudishwe kwao kwa muda, na watoto wabaki. Fanueli, ambaye alfajiri ile alikuwa bado ananyonya, angebaki. Mama alilijua hilo. Ketrina alilijua pia, akamkodolea macho mama na kunong'ona bila sauti: mgongo, mgongo.

Mama alimtazama mtoto mapajani. Machozi yakaanza kumdondokea mtoto usoni.

"Uso, mama," akasema. "Nilimwona uso. Ni wa Jairo. Macho ni yake, na hapa mdomoni. Nilikuwa nimeanza kuusahau, mama. Usiku najaribu kuukumbuka hauji, nasema akirudi nitapishana naye njiani nisimjue. Leo nimemwona amezeeka."

Mzigo ulikuwa bado kichwani pa bibi. Alikuwa mke wa uso mmoja na mama wa mwingine, na huo wa pili naye hakuwa ameuona kwa miaka miwili.

"Umeona mgongo," akasema hatimaye.

"Mama, mimi—"

"Mgongo! Ketrina, wewe ni shahidi, umesikia alivyosema. Ameona mgongo."

"Nimesikia," Ketrina akasema. "Mgongo mtupu."

Bibi akatua mzigo, akainama akamchukua Fanueli taratibu kutoka mapajani mwa mama, akamlaza begani kwake. Kisha akamwambia mama apanguse macho asije akalichafua gauni la watu, achukue sindano, amalize vile vifungo, mtoto anaye yeye.